Tije mbili na majina kumi na saba

Ndugu wasikilizaji, na ninyi wazazi wetu mliokimbia vijiji vyenu na leo mnalala katika shule, makanisa na nyumba za watu hapa Mpofi, wengi mmeniuliza juu ya zile siku ambazo sikusikika redioni. Wengine walisema nimekamatwa njiani. Wengine walisema nimepata kazi Goma. Ukweli ni mdogo kuliko hayo: pikipiki yangu ilikufa, na kosa lilikuwa langu. Ninaeleza leo kwa sababu watu walilipa kosa hilo, na pia kwa sababu ninaona wamotari wengi wakifanya kama nilivyofanya.

Pikipiki yangu ni ya Kichina, ya 125, na mashini yake imeigwa kutoka Honda CG125. Honda walianza kuuza mashini hiyo mwaka 1976, kwa ajili ya nchi kama zetu, ambako mtu anapakia watu watatu na gunia la mihogo, halafu anasahau kubadilisha mafuta. Abrakami yake inakaa chini, haiko kichwani. Tije mbili za chuma, nyembamba kama kalamu, zinapanda kutoka chini na kusukuma kilbiteri. Kilbiteri nazo zinafungua supapu: moja inaingiza hewa na petroli, nyingine inatoa moshi. Ni kazi rahisi, ndiyo maana mashini hizi zinavumilia.

Lakini wakati wa mvua, 125 inalia kwenye milima. Nilishauriwa kutia silinda kubwa zaidi, na fundi mmoja wa mjini akanifanyia. Silinda mpya ilikuwa ndefu kuliko ya zamani, kwa hiyo kichwa cha mashini kilipanda juu. Tije zilirudishwa zilezile. Nilipowasha, kichwani kukawa na kelele, kata-kata-kata. Fundi akasema: « Kaza skrubu za kilbiteri, itanyamaza. » Tukakaza, ikanyamaza. Nikalipa, nikashukuru, nikaondoka nikijiona nimekuwa na pikipiki ya wakubwa.

Wiki ileile wamama waliofika hapa kwa miguu walinipa karatasi yenye majina kumi na saba. Ni watoto waliopotezana nao usiku wa kukimbia. Waliniomba majina yasomwe jioni ile, maana waliamini watu waliowaokota watoto wanasikiliza. Siku hiyo mtandao wa simu ulikuwa umekufa hapa, ikabidi nipande pikipiki kwenda kuutafuta.

Nilikuwa nimesikia ile kelele ikirudi tangu asubuhi. Nilijua. Nikajiambia: nitakaza tena jioni. Katikati ya mlima nguvu zikaisha, chuma kikalia ndani, mashini ikazima. Tije moja ilikuwa imeruka kutoka mahali pake na kupinda. Nilisukuma kwenye matope mpaka giza, nikalala kwa watu wema. Majina yalisomwa baada ya siku mbili.

Kati ya watoto hao, kijana mmoja alikuwa Kashebere, kwa familia iliyomlisha na kusikiliza redio kila jioni juu yake. Hawakusikia kitu. Watu walipoanza kuhama, wakahama naye. Mama yake alifika akakuta nyumba imefungwa. Walionana baada ya wiki tatu, na ninamshukuru Mungu. Lakini zile wiki tatu hazikuletwa na vita peke yake. Sehemu yake niliileta mimi.

Hapa Mpofi nilipeleka pikipiki kwa mzee mmoja ambaye alitengeneza mashini za kusaga tangu ujana wake. Alifungua kichwa, akaangalia, akaniuliza: « Mwanangu, nani alipima? » Nikasema hakuna aliyepima. Akasema: « Basi mlikuwa mnaziba mdomo wa mashini. Ilikuwa inasema. »

Akanieleza. Umbali kutoka abrakami mpaka kilbiteri ukiongezeka, tije ya zamani inakuwa fupi. Skrubu inaweza kuziba pengo, lakini kilbiteri inakaa vibaya, inaisukuma supapu kwa upande, na supapu haifunguki inavyotakiwa. Mwishowe tije inalegea na kuruka. Tije ikiwa ndefu mno ni hatari nyingine: supapu haifungi, mgandamizo unapotea, na supapu ya moshi inaungua. Na si silinda peke yake inayobadilisha urefu. Karatasi ya chini ya silinda ikiwa nene, kichwa kinapanda. Kichwa kikikwanguliwa, kinashuka. Kwa hiyo usinunue tije kwa jina la pikipiki. Pima mashini uliyo nayo.

Alipima hivi. Alikata tije ya zamani katikati, akaziunganisha nusu mbili kwa bolti ndogo na nati, ili aweze kuirefusha na kuifupisha. Mashini ikiwa baridi, alileta pistoni juu kabisa, supapu zote mbili zikiwa zimefungwa. Akarudisha skrubu ya kilbiteri katikati ya meno yake, ndipo akarefusha ile tije mpaka mchezo ukaisha. Akapaka wino kwenye ncha ya supapu, akazungusha mashini kwa mkono, polepole, mara kadhaa. Kamwe usiipige kiki ukiwa na tije ya kupimia. Alipofungua, alama kwenye wino ilikuwa pembeni. Akarefusha kidogo, akapaka tena, akazungusha tena. Alitafuta alama nyembamba, katikati ya ncha, na kilbiteri iliyosimama sawasawa na supapu wakati imefunguka nusu. Alirudia mara tano. Halafu akafanya vilevile upande wa pili.

Tije yangu ilikuwa fupi kwa milimita tatu hivi. Milimita tatu, ndugu zangu, ni unene wa punje mbili za mchele.

Sikutuma namba Goma, nilituma ile tije ya kupimia yenyewe, imefungwa kwenye gazeti, mfanyabiashara akailinganisha na za dukani. Zilipofika, mzee alizirudishia kipimo cha wino kabla ya kufunga. Mwisho aliacha nafasi ndogo ya supapu, chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa sababu chuma kikipata moto kinarefuka.

Wamotari, ninyi ndio mnabeba wagonjwa, wamama wenye mimba na barua zetu. Mkibadilisha silinda, mwambieni fundi apime tije mkiwa mnaona. Kelele ikirudi baada ya kukazwa, simameni siku hiyohiyo.

Na ninyi wamama wa ile karatasi: naomba radhi. Majina ambayo bado hayajapata jibu ninayo mfukoni, na yatasomwa tena. Mwenye kumjua mtoto aliyeokotwa njiani, apite kwangu hata usiku. Pikipiki inatembea.