Uso wa Saa Unaosema Thenashara

Mswahili anayetazama saa ya mkono husoma kinyume cha anachokiona. Akrabu fupi ikielekea kwenye 7, yeye husema saa moja. Ikielekea kwenye 2, husema saa nane. Hesabu hiyo tuliipokea utotoni bila kuelezwa, kama tulivyopokea salamu. Sababu yake inafahamika: sisi huanza kuhesabu jua linapochomoza na linapokuchwa, wala si katikati ya usiku. Hata hivyo, wengi wetu tumeishi na chombo mkononi kinachosema neno moja huku midomo yetu ikisema jingine.

Hapa Brussels jambo hilo liligeuka kuwa zito kwa sababu ya mwanangu. Bibi yake, aliyeko Malindi, Unguja, alimwambia, "Nipigie kesho saa mbili usiku." Mtoto amezaliwa hapa, anasoma kwa Kifaransa, na kwake saa mbili usiku ni wakati ambao dunia imelala. Aliona haya kumwamsha mzee, naye akalala. Bibi alikaa na simu mapajani mpaka usingizi ukamchukua. Siku ya pili hakulalamika, alisema tu, "Mjukuu wangu, nilikungoja."

Nilikuwa na mazoea ya kufungua na kufunga saa kuukuu ninazozinunua asubuhi kwenye soko la Place du Jeu de Balle, katika mtaa wa Marolles. Nikaazimia kumchapia mtoto uso wa saa utakaosema kama bibi yake. Binamu yangu wa Maskati aliuliza kwa nini nisisogeze tu akrabu kwa saa sita, mambo yakaisha. Lakini mtoto ana shule na tramu ya kuwahi, na saa yake haina budi kumtumikia pande zote mbili. Kwa hiyo nilichora duara mbili: ya nje ina tarakimu za mji huu, na ya ndani ina maneno yetu, ili macho yasichanganye hesabu moja na nyingine. Alama za dakika zilibaki mahali pake, maana robo na kasorobo hazibadiliki.

Maneno yenyewe yalinishughulisha kuliko nilivyodhani. Sita, saba na tisa ni Kiarabu. Babu zetu wa upande wa pili walikuwa na tandatu, mfungate na kenda. Mfungate limebaki katika fungate ya maarusi, na kenda bado husikika kwa wazee. Kwa kumi na moja na kumi na mbili Bibi husema edashara na thenashara, nami nikayaandika kama anavyoyatamka. Ya Kiarabu niliyapa rangi ya damu ya mzee, na ya Kibantu nikayapa nyeusi. Yalipokaa kwenye duara, SITA likawa juu kabisa, THENASHARA chini kabisa, na NANE, jeusi, likaketi katikati ya SABA na TISA. Jamaa wa ukoo watakaosoma haya hawatahitaji kufafanuliwa zaidi. Wengi wetu tumekaa mezani kwa mpangilio huohuo.

Kuhusu uchapaji: viwandani, pedi laini ya silikoni huchota wino kwenye bamba la chuma lililochongwa, kisha hubonyezwa juu ya uso wa saa. Nyumbani mimi hutumia printa ya kawaida na karatasi ya dekali, ile ambayo picha yake huachia ikiloweshwa. Printa haina wino mweupe, hivyo bamba la chini ndilo huwa jeupe. Wino ukikauka, huupulizia vanishi nyepesi mara kadhaa, nikakata duara ya milimita 28.5, kipimo kinachofaa mashine ya Kijapani ya NH35, kisha nikaizamisha majini. Baada ya muda mfupi picha huteleza juu ya bamba kwa msaada wa kibano na brashi. Chembe moja ya vumbi au kiputo kimoja cha hewa hutosha kuharibu neno zima. Mwishowe akrabu hurudishwa zote mbili zikielekea SITA. Zisipolingana hapo, hazitalingana popote.

Si jambo geni kwetu kutia alama ya nyumbani kwenye uso wa saa. Katika miaka ya 1970 Sultan Qaboos aliagiza, kupitia duka la Asprey la London, saa za Rolex zilizochapwa jambia, nembo ya Oman, akawatunukia watu. Mimi sina jambia la kuchapa, ila nina hesabu.

Mtoto aliuliza swali nililolitarajia. Mwezi wa Juni, akrabu ikifika THENASHARA ya jioni, jua la Brussels lina karibu saa nne kabla ya kuchwa. Mwezi wa Desemba huwa limekuchwa zaidi ya saa moja nyuma. Unguja, nyuzi sita kusini mwa ikweta, jua halitangitangi hivyo. Je, saa hii si ya uongo? Nilimweleza kwamba hata duara ya nje hailifuati jua. Kwa mahali ilipo, Brussels ingehesabu pamoja na London. Lakini tangu Wajerumani walipoivamia Ubelgiji mwaka 1940, inahesabu pamoja na Berlin, na wakati wa kiangazi jua huwa utosini karibu saa nane kasorobo. Zote mbili ni mapatano ya watu, na mtu huchagua ni watu gani anaopatana nao.

Sasa, kabla ya kupiga simu, huongeza saa moja wakati wa kiangazi na mbili wakati wa baridi, kisha husoma neno lililo mbele yake. Bibi ameonyeshwa picha ya saa hiyo, akaitazama kwa muda mrefu. Ameagiza ya kwake, ila bila duara ya nje, kwani, anauliza, hiyo ni ya kazi gani?