Bei ya kufuta: pesa ya blogu za udaku inatoka wapi hasa

Nikikaa na watu dakika kumi tu, wakishajua kazi yangu, swali ni lile lile: hivi dada, blogu inalipa? Wengine wanauliza kwa kunionea huruma, wengine wanauliza huku wanapiga jicho simu yangu ni toleo gani. Wiki hii nimeulizwa na watu watatu, na mmoja wao keshalipia jina la tovuti, keshachorewa na nembo, anasubiri tu hela ianze kuingia. Basi wadau, leo ubuyu unatuhusu sisi wenyewe tunaowaletea ubuyu. Majina sitaji, mnanijua.

Pesa ambayo kila mtu ameisikia ni ya matangazo ya Google, yaani AdSense. Ipo toka 2003 na inavyofanya kazi sio siri. Unaweka msimbo wao kwenye blogu, wao wanaleta matangazo, mtangazaji anawalipa wao, wao wanakukatia chako. Mwaka 2010 walitangaza wenyewe kwamba mwenye tovuti anabaki na asilimia 68. Ukisikia 68 unaona umeshatoboa. Sasa jiulize, 68 ya nini?

Tangazo linalolipa vizuri ni la bima ya Marekani au la mwanasheria wa Toronto, na anayelengwa ni mtu aliyeko huko huko. Msomaji wangu yuko Mbagala, anasoma kwa bando la buku, tena anasoma haraka kabla halijakata. Kwenye blogu yangu kurasa 1,000 zikisomwa nilikuwa napata kati ya senti 30 na 50 za dola. Tuseme 40. Na hela haitumwi mpaka ufikishe dola 100. Piga hesabu mwenyewe: ni kurasa 250,000. Robo milioni ya macho ya watu, upate hela ambayo haimalizi hata miezi miwili ya kodi ya chumba na sebule Sinza.

Kwa miaka mingi pia Kiswahili hakikuwemo kwenye orodha ya lugha zao. Ndio maana ukichimba blogu za zamani za Bongo utakuta kule chini kabisa kuna makala mbili tatu za Kiingereza, za afya au za kompyuta, hazifanani kabisa na umbea uliojaa juu. Zile ziliwekwa ili blogu ipitishwe. Mwenye blogu mwenyewe hajawahi kuzisoma.

Halafu kuna barua. Ukifikisha dola 10 wanakutumia namba ya siri kwa posta, karatasi ya kweli kabisa, wahakikishe unaishi unaposema unaishi. Sasa kijana wa Tandale ana S.L.P. gani? Tulitumia za ofisini kwa baba, za shuleni alikosoma dada, za kanisa. Kuna kaka mmoja barua yake ilikaa kwa katibu wa parokia mpaka ikapita ile miezi 4 wanayokupa, matangazo yakazimwa. Mwingine yeye aliwaomba mashabiki wake wote wa WhatsApp wambofyezee matangazo kama kumchangia harusi. Akaunti ilifungwa, na hela iliyokuwemo ikaenda nayo. Hilo lipo kwenye masharti yao toka siku ya kwanza, ila nani anasoma masharti?

Ikaja 2018. Wale mlioanza kutusoma juzi labda hamkumbuki. Mwezi Machi zikatoka kanuni za maudhui ya mtandaoni: kila mwenye blogu awe na leseni ya TCRA. Maombi 100,000, leseni 1,000,000, na ada ya mwaka 1,000,000 nyingine. Ukikutwa huna, faini isiyopungua milioni 5, au jela isiyopungua miezi 12, au vyote. Mwezi Juni likatoka tangazo kwamba wasiosajiliwa wasimame mara moja, na hata JamiiForums ikazimwa kwa muda. Dola ilikuwa kwenye 2,270 hivi wakati huo, kwa hiyo ile milioni 2 na laki moja ilikuwa ni zaidi ya malipo tisa ya AdSense. Kwa wengi wetu hayo ni malipo ya mwaka na zaidi. Blogu ngapi zilikufa mwezi ule, za mapishi, za mashairi, za watu wanaoandika tu habari za mtaa wao! Baadaye ada zilipunguzwa, lakini waliokwenda hawakurudi, walishahamia Instagram.

Sasa waliobaki, hasa wa udaku, waliishije? Hapo ndipo wanaoniuliza "inalipa?" huwa hawafiki.

Kuna hela ya kuweka. Hiyo mnaijua, hata kama hamjui mnaijua. Msanii anatoa wimbo Ijumaa, Jumatano anaachana na mpenzi wake, Alhamisi anaonekana analia kwenye gari, Ijumaa wimbo huu hapa. Ile stori ya Jumatano ililetwa na chawa wake, imeshaandikwa, picha zimeshachaguliwa, na elfu 50 juu. Kuna dada mmoja wa mjini, mnamfuata wote, aliwahi kunilipa niandike kwamba amenunua nyumba Mbezi. Hela yenyewe aliituma kwa mafungu. Nikamwambia dada yangu, mwenye nyumba Mbezi hatumi elfu 50 kwa mafungu. Alicheka sana. Nikamrudishia, na mpaka leo tunaongea vizuri. Kiki kwa kweli sina ugomvi nayo. Anayedanganya anajidanganyia jina lake, na nyie mnajua ni mchezo, maoni yenu huwa nayasoma.

Ila kuna hela ya kufuta, na hiyo ndiyo kubwa.

Mwaka 2019 zilizagaa picha za msanii mmoja wa Bongo Fleva, mwenye mchumba anayejulikana nchi nzima, ameegeshwa nje ya hoteli usiku na binti asiyejulikana. Picha nne. Mimi nilizipata kama kila mtu, kwenye magrupu. Nilikuwa sijaziweka na sikuwa na mpango, kwa sababu binti yule simjui na hakuna aliyeniambia ni nani. Saa tatu asubuhi meneja wa msanii akanipigia.

"Dada yangu, habari za asubuhi. Zile picha unazo?"

Nikamwambia ninazo.

"Basi zibaki hapo hapo zilipo. Nakurushia laki 3 sasa hivi, tumalizane."

Laki 3 kwa kutofanya kitu. Wadau, kodi ya miezi sita ilikuwa imebakiza wiki mbili na nilikuwa na chini ya nusu yake. Nilimwambia sitaziweka, na hela abaki nayo. Sijisifu hapa. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: ukipokea hela ya kunyamaza mara moja, jina lako linaingia kwenye daftari la meneja. Siku utakapoandika kweli kitu kinachomhusu mtu wake, atatoa muamala na kuuonyesha. Alinishukuru kwa sauti ya mtu ambaye hajanielewa, akakata simu.

Wenzangu kadhaa walipokea. Picha zikashuka kwenye blogu zao mpaka mchana, jioni zikarudi. Zilezile nne, ila safari hii uso wa msanii umefunikwa na emoji na uso wa binti uko wazi kama kawaida. Kichwa cha habari: mfahamu mrembo aliyenaswa hotelini na staa. Meneja alinunua uso mmoja, na uso mmoja ndio aliopewa. Binti hakuwa na meneja.

Kesho yake akanipigia yeye mwenyewe, namba amepewa na mteja wake ambaye ni msomaji wetu. "Shikamoo dada." Anasuka saluni moja hapa hapa mjini. Usiku ule alikuwa amekwenda kusuka wacheza shoo kabla ya tamasha, msanii akamsogezea gari wamalizie kuongea habari ya malipo yake, maana walikuwa hawajamlipa. Ndio hiyo stori yote. Nilimuuliza mmoja wa wale wacheza shoo, akaniambia ni kweli na hela yenyewe bado wanamdai bosi. Sasa watu wa mtandaoni walishampata, jina la saluni lipo nje, na upande wa Tanga kulikuwa na familia imeshaleta posa. Shangazi wa mchumba alikuwa wa kwanza kuiona.

Alichotaka kwangu ni kitu kimoja. Blogu iliyoanza ndiyo iliyokuwa inatokea ya kwanza ukiandika jina lake Google, na mwenye nayo alikuwa amemwambia atafuta kwa laki 2. Je, hiyo ndiyo bei?

Nimefanya kazi hii miaka mingi, na sijawahi kuulizwa swali lililonikosesha jibu namna ile. Kwa sababu ndiyo, wakati ule bei ilikuwa inazungukia hapo hapo.

Nilimpigia kijana. Ni mdogo wangu kwenye kazi, tunaheshimiana. Nikamwambia mdogo wangu, yule ni msusi, toa ile kitu. Akanijibu, "Dada, lakini ile inatembea. Elfu 60 imesomwa kwa siku mbili." Hakuwa na hasira wala ubaya, alikuwa ananieleza kama fundi anavyokueleza bei ya spea. Nikapiga hesabu tukiwa bado kwenye simu. Mara elfu 60, kwa senti 40 kila 1,000, ni dola 24. Elfu 55 za Kitanzania. Ndicho hasa uso wa yule binti ulichoingiza kwa matangazo. Laki 2 aliyomdai ilikuwa karibu mara nne ya hapo, na haikutoka kwa Google wala kwa mtangazaji yeyote. Ilitoka kwenye vichwa alivyosuka.

Nilimwambia binti asilipe, kwa sababu blogu nyingine nne zilishanakili na hao nao wangekuja na bei zao. Alilipa. Laki moja na nusu, kwa M-Pesa, mara mbili. Akaniambia, "Dada, wewe hujui shangazi yule." Kijana alifuta siku hiyo hiyo, hilo nampa, ahadi aliitimiza. Zile nne zilibaki. Mambo ya posa yaliishiaje ni ya nyumbani kwao, hayataletwa hapa.

Kuna kitu cha kusaidia kidogo, mkiweza sambazeni. Toka 2015 Google wana fomu ya kuomba picha za utupu zilizowekwa bila ridhaa ya mtu ziondolewe kwenye matokeo yao. Hiyo haikumsaidia yule binti, alikuwa kavaa dera. Ila sasa ipo pia fomu kwa ajili ya kurasa zinazomdai mtu hela ndipo zifute habari zake. Haiifuti blogu yenyewe, inaondoa ukurasa kwenye matokeo ya kutafuta, na kwa mtu kama huyu hilo ndilo lililokuwa linamuumiza. Ukidaiwa, usimtukane mtu. Piga skrinshoti ya meseji anayokutajia bei, itunze.

Naona mnasubiri niseme mimi naishije. Naishi kwa saluni, keki, na maduka ya nguo za watoto. Bango la juu kwenye blogu yangu ni 80,000 kwa wiki. Nina wateja wanne ninaowaandikia maneno ya kurasa zao za Instagram, laki moja na nusu kila mmoja kwa mwezi, na wote walinipata kwa kusoma huku, wakaona huyu dada anajua kuchekesha watu. Ukijumlisha, wateja hao wanne wananiingizia kwa mwezi kuliko AdSense ilivyowahi kuniingizia kwa robo mwaka. Blogu ni kibaraza changu, watu wanapita, wanaona bidhaa. Nikilala wiki mbili bila kuandika, simu nazo zinalala. Kwa hiyo yule wa nembo na jina la tovuti, jibu lako ndilo hilo, na leseni usiisahau kwenye hesabu zako.

Bango hilo nalo lina maudhi yake. Mimi kila kilicholipiwa nakiandikia juu "TANGAZO", herufi kubwa. Watu hawapendi. Wanataka kionekane kama habari, maana habari ndiyo inayoaminika, na kama haiaminiki basi angalau inasambazwa.

Mwezi uliopita nani kanipigia? Meneja yule yule. Msanii wake ana tamasha, wanataka bango wiki tatu na posti moja. Nikamtajia 240,000 na ya posti juu yake, hakubisha hata kidogo, akarusha yote mara moja. Nikaweka, na neno langu juu. Jioni simu ikaita: "Dada yangu, hili neno 'tangazo' hapa juu, hatuwezi kuliondoa? Naongeza elfu 50." Nimemwambia haliondoki. Tangu hapo ananitumia meseji kila baada ya siku mbili, sasa amefika elfu 80.