Muuza Vyungu na Watu wa Kalamu

Siku za soko, hapa Ruangwa na hata kule Nachingwea, huja wanawake wenye vyungu vichwani. Zamani tulikuwa tukiwapita bila kuwasalimu, kwa kuwa tulijihesabu kuwa watu wa kalamu. Leo twawasalimu, nasi twataka kuwaeleza wasomaji wetu sababu yake.

Katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja, alizaliwa mtoto wa kike yapata mwaka 1880. Wazazi wake walikuwa maskini, wakamwita Mtumwa. Hakujua kusoma wala kuandika. Kazi yake ilikuwa kutembeza vyungu, akiwaita wanunuzi kwa sauti nzuri. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafundishwa kuimba, na jina lake likawa Siti binti Saad.

Hapo kwanza taarabu ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu katika jumba la Sultani. Siti aliiimba kwa Kiswahili, akatia ndani yake mambo ya watu wadogo: mapenzi yao, dhiki zao, na hukumu zisizo za haki. Mwaka 1928 alivuka bahari mpaka Bombay, na sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akaandika kitabu cha maisha yake.

Tulipokisoma kitabu hicho tuliona haya. Maana palikuwa na msichana katika darasa letu, mtoto wa mfinyanzi, aliyekuwa akitunga nyimbo kisimani, akichanganya Kimwera na Kiswahili. Siku moja alitunga wimbo juu ya mwalimu awachapaye wachelewao, hali yeye mwenyewe huchelewa kupiga kengele. Wimbo ulikuwa wa kweli, na mwalimu huyo ni sisi. Tulimwadhibu mbele ya wenzake, tukasema kwamba nyimbo si masomo.

Miaka ilipita. Baada ya kukisoma kitabu, tulimtafuta sokoni, tukamkuta ameketi nyuma ya vyungu vyake.

"Shikamoo, mwalimu," akasema.

Tukaitikia, tukamwomba radhi, kisha tukamsihi atuimbie wimbo ule. Alicheka kwa upole, akaangalia chini.

"Nimekwisha kusamehe, mwalimu. Lakini nyimbo ziliniisha siku ile."

Hatukuwa na neno la kujibu. Tulinunua chungu kimoja, tukarudi nyumbani.

Basi, walimu wenzetu, Siti alipata watu wa kumsikiliza. Wa kwetu alipata fimbo. Tangu siku ile tuna daftari shuleni. Mtoto akitunga wimbo, ujapokuwa wa kutucheka sisi, twauandika humo pamoja na jina lake. Kurasa nyingi zimekwisha kujaa. Ule wa kwanza, uliostahili kutangulia zote, haumo, wala hatuwezi kuukumbuka.