Usinunue Injekta Kabla ya Kuipima

Leo si mahubiri. Leo nasema na wewe ambaye gari ndilo linakulisha: Probox ya mboga, Noah ya abiria, pikapu ya maziwa. Jumbe za aina moja zimekuwa nyingi kwa simu yangu: "Pastor, fundi amesema injekta zote nne zimekufa, ninunue mpya." Wengi wenu mnajua kabla ya huduma nilishika spana miaka saba. Basi nisikilize vizuri.

Gari kutetemeka likiwa limesimama, kukosa nguvu mlimani, kunywa mafuta kupita kiasi: ndiyo, injekta mbovu hufanya hivyo. Lakini plagi iliyochoka pia hufanya hivyo. Koili iliyoungua hufanya hivyo. Pampu dhaifu hufanya hivyo. Unaweza kununua injekta nne na gari liendelee kumisi vilevile.

Kuna ndugu yetu mmoja anayebeba mboga kutoka Kinangop. Gari lake lilianza kumisi Januari, wakati pesa za karo ziko mfukoni na mtoto anasubiri kuingia shule ya upili. Fundi akachomeka mashine, ikaandika P0302, akasema ni injekta. Mpendwa, P0302 haisemi injekta! Inasema silinda ya pili haichomi vizuri. Kwa nini haichomi, hiyo mashine haijui. Kama ingekuwa P0202, hapo lalamiko ni la umeme wa injekta ya pili, na hata hapo huenda ni waya tu umekatika.

Nilimwambia asilipe kitu kwanza. Tukawasha injini, tukachukua bisibisi ndefu, ncha juu ya injekta, mpini sikioni. Injekta inayofanya kazi hugonga tik-tik-tik, haraka na sawasawa. (Dada zangu, leso na mtandio vifungwe kabla ya kuinama karibu na feni.) Zote nne ziligonga. Hiyo ilituambia umeme unafika na sindano ya ndani inacheza. Haikutuambia kama mafuta yanatoka vizuri.

Tukazima, tukachomoa soketi za waya, tukapima kwa mita. Injekta nyingi za petroli za gari kama hilo husoma kati ya ohm 12 na 16, na kubwa zaidi ni zile nne zikaribiane. Zilikaribiana.

Kisha tukafanya jambo ambalo halina gharama hata ya shilingi moja. Koili ya silinda ya pili tukaipeleka ya tatu, na ya tatu tukaileta ya pili. Tukafuta kodi, tukaendesha. Ikarudi P0303. Ugonjwa ulihama pamoja na koili! Akanunua koili moja, na karo ikalipwa.

Kama kodi ingebaki P0302, tungehamisha plagi, halafu tupime kompresheni, ndipo tuguse injekta yenyewe. Na kabla ya kulaumu zote nne, pima presha ya mafuta. Toyota nyingi za petroli zenye injini ndogo hutaka kama psi 44 hadi 50. Ikiwa chini, silinda zote zinakosa mafuta pamoja na injekta zinasingiziwa. Injekta nne kufa siku moja? Mimi nikisikia hivyo, huuliza kwanza kuhusu pampu na filta.

Ikithibitika ni injekta, usiitupe bado. Ipelekwe kwa mwenye mashine ya kupima, zote nne zinyunyize kwenye mirija ya kioo ukiwa umesimama hapo. Tazama kama zinalingana, kama mnyunyizo ni kama ukungu au ni mkondo, na kama inadondosha ikishafungwa. Iliyoziba mara nyingi hurudi ikioshwa. Inayodondosha hata baada ya kuoshwa, hiyo badilisha.

Wenye dizeli, nawaomba kwa unyenyekevu. Zamani kwa injini kama 2L na 3L fundi alilegeza nati ya paipu ya nozeli injini ikiwaka, akasikiliza sauti ikibadilika. Kwa D-4D na nyingine za komoni reli, usithubutu. Presha huko hupita bar 1,000. Dizeli hupenya ngozi kama sindano, na hata kidonda kikionekana kama nukta ndogo, huyo mtu ni wa kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo. Njia salama ni kupima mafuta yanayorudi: kila injekta unaiwekea kipaipu na chupa yake upande wa marejesho, injini inanguruma dakika chache, na chupa inayojaa kuliko wenzake ndiyo inakuonyesha injekta inayovuja ndani.

Jumamosi baada ya usafi wa kanisa nitakuwa uani na mita na bisibisi. Njoo na ile karatasi ambayo fundi aliandika kodi, na usizifute kabla sijaziona. Wa dizeli, beba chupa nne tupu za nusu lita, zinazofanana.