Tiki Moja

Katika mijadala yetu ya darasani kuhusu vijana na mitandao ya kijamii, neno linalorudiwa sana ni uraibu. Tunaambiwa hatuwezi kukaa dakika kumi bila kugusa simu. Tunalala nayo, tunaamka nayo. Ni kweli, na mimi ni mmoja wao. Ila kwetu Mocímboa da Praia, pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, tabia hii haikuanzia kwenye video za kuchekesha.

Mji wetu ulishambuliwa mara ya kwanza usiku wa kuamkia tarehe 5 Oktoba 2017, nikiwa na miaka 14. Agosti 2020 wapiganaji waliuteka wote, wakaushikilia karibu mwaka mzima, hadi majeshi ya Rwanda na Msumbiji yalipoukomboa Agosti 2021. Watu walitawanyika: wengine Mueda, wengine Palma, wengine kwa mashua hadi ufukwe wa Paquitequete mjini Pemba. Sisi tulifika Pemba. Mjomba, kaka yake mama, alibaki nyuma, na mawasiliano ya simu yakakatika.

Hapo ndipo nilipojifunza kuangalia simu. Ujumbe wa WhatsApp ukibaki na tiki moja, haujafika. Simu imezimwa, au hakuna mtandao, au mwenye simu hayupo tena. Tiki haisemi ni lipi kati ya hayo. Mama hajui kusoma, lakini tiki alizijua. Kila baada ya sala aliuliza, "Mwanangu, zimekuwa mbili?" Kuna siku vocha ilinunuliwa kabla ya mchele. Mtu mwenye bando katika ua wetu alikuwa kama mwenye kisima.

Maji ya kisima hicho hayakuwa safi siku zote. Sauti zilizorekodiwa na mtu asiyejulikana zilizunguka kwenye makundi: fulani kauawa, kesho Pemba itavamiwa. Jirani yetu mmoja alisomewa hitima, kisha akapiga simu kutoka Montepuez akiuliza kwa nini hapokelewi. Tulicheka sana. Lakini usiku ule hakuna aliyeweka simu mbali, kwa sababu uvumi ukishakudanganya unakurudisha kutafuta ukweli palepale ulipodanganyiwa.

Nilimsalimia mjomba kila Ijumaa kwa zaidi ya miaka miwili. Ijumaa moja ya mwaka 2023 tiki zikawa mbili. Mama alipiga kigelegele kabla sijafungua picha. Alikuwa msichana wa Nampula, mpole, aliyenunua laini mpya. Kampuni ilikuwa imempa namba ile. Alituomba radhi, kana kwamba ameiba kitu.

Sasa nasoma Dar es Salaam. Oktoba 2024, intaneti ya simu ilipokatwa Msumbiji baada ya uchaguzi, nilikaa kitandani nikitazama tiki moja ya mama huku wenzangu wakinitania kwamba nimeachwa na mpenzi. Sikuwaeleza, hadithi ni ndefu.

Muhula huu tulipewa zoezi la kukaa siku mbili bila simu. Nililifanya, na sitakataa kwamba nililala vizuri. Simu nilimpa mwenzangu wa chumba, nikamwambia: ikiingia namba inayoanza na +258, niamshe, hata iwe saa nane usiku.