Kibonyeo cha Shavuni na Kibonyeo cha Mguuni

Ndugu msomaji, leo nataka kuzungumza nawe juu ya neno moja dogo. Neno hilo ni kibonyeo.

Mimi ni bibi mkulima. Ninaishi katika kijiji kilicho karibu na Sumbawanga, juu huku Ufipa penye upepo na baridi. Nilijifunza kusoma katika darasa la watu wazima, baada ya ule mwaka 1970 uliotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwalimu wetu alitufundisha kutazama neno na ndugu zake.

Kitu kikiingia ndani kidogo, tunasema kimebonyea. Ukikikandamiza kwa kidole, umekibonyeza. Kishimo kinachobaki ndicho kibonyeo.

Kibonyeo cha shavuni tunakijua sote. Mtu akicheka, kishimo kinatokea shavuni. Vijana wa siku hizi wanakiita dimpozi, neno lililotoka katika Kiingereza. Yuko hata mwimbaji wa Tanzania anayejulikana kwa jina la Ommy Dimpoz. Wataalamu wanaeleza kwamba mara nyingi kishimo hiki hutokana na msuli wa shavu uliogawanyika. Mtu akicheka, msuli huo huvuta ngozi ndani. Si ugonjwa. Watu wengi huona ni uzuri.

Kibonyeo kipo hata wakati wa kula. Unafinyanga tonge la ugali, unalibonyeza kwa dole gumba, kisha unachotea maharage. Kipo pia shambani. Chukua punje ya mahindi uitazame kichwani. Mahindi ya aina nyingine yana kibonyeo pale juu. Sababu yake ni kwamba unga laini wa katikati hunywea wakati punje inakauka, lakini pembeni pagumu hapanywei.

Lakini kipo kibonyeo kingine, ambacho mimi sikukijua. Kutokukijua kulitaka kuniulia mjukuu.

Miaka michache iliyopita binti yangu alipata mimba nyingine mapema. Akamwachisha mtoto ziwa, akamleta kwangu. Mtoto alikuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu. Alikuwa na kibonyeo katika shavu la kushoto, kama marehemu babu yake. Kila alipocheka, nilimwona mzee wangu.

Nilimlisha nilivyojua. Asubuhi uji wa mahindi. Mchana ugali na mchuzi. Jioni ugali tena. Maharage tuliyauza yote kwa wachuuzi. Mayai tuliyauza pia, tupate fedha za mbolea. Niliona mtoto anashiba, basi nikatulia.

Baada ya muda mtoto akanyamaza. Hakutaka kucheza. Nywele zake zikawa nyepesi na zenye rangi ya kutu. Lakini mashavu yalijaa! Yalijaa mpaka kile kibonyeo hakikuonekana tena. Majirani wakaniambia, "Bibi, hongera! Mjukuu amenenepa." Nami nilifurahi.

Siku ya kupima watoto nilimpeleka kliniki. Muuguzi hakunipa hongera. Alimkalisha mtoto, akamvua soksi. Akaweka madole gumba yake juu ya miguu yote miwili, akabonyeza kwa sekunde 3. Alipoyaondoa, vishimo viwili vilibaki pale pale, kama alama ya kidole katika ugali.

Akaniuliza, "Bibi, unaona nini?"

Nikamjibu, "Naona vibonyeo, mwanangu."

Akasema, "Huu si unene, bibi. Ni maji yamejaa mwilini. Mtoto ana unyafuzi. Asipotibiwa atakufa."

Mtoto alilazwa. Alipewa maziwa maalumu, kidogo kidogo, mchana na usiku. Maji yalipotoka mwilini, nikaona mifupa. Hapo ndipo nilipojua jinsi mtoto alivyokuwa amekonda. Nililia, kwa kuwa mimi ndiye niliyempa chakula kile.

Siku moja asubuhi nilimchezea kwa kanga yangu. Akacheka. Kibonyeo cha shavuni kikarudi.

Ndugu msomaji, Rukwa yetu ni moja ya mikoa inayolisha nchi kwa mahindi. Lakini utafiti wa taifa wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 mkoani Rukwa walikuwa wamedumaa. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba bado walikuwa karibu nusu. Ghala limejaa, na mtoto hakui! Tumbo kujaa ni jambo moja, na mwili kupata chakula chake ni jambo jingine.

Siku hizi nyumbani kwangu tunatenga debe la maharage kabla mchuuzi hajafika. Hilo haliuzwi. Uji wa mtoto tunautia karanga zilizosagwa. Yai la kwanza ni la mtoto. Dagaa wakipanda kutoka Ziwa Tanganyika, tunanunua hata kama ni fungu dogo.

Nawe nakuomba ujifunze kusoma mwili wa mtoto, kama ulivyojifunza kusoma gazeti. Bonyeza miguu yake yote miwili kwa sekunde 3. Vibonyeo vikibaki, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mtoto mchanga akiharisha, tazama utosi wake. Ukibonyea, maji yamepungua mwilini. Mwahi kituo cha afya, usingoje kesho.

Kibonyeo cha shavuni huja mtoto akicheka, kisha huondoka. Cha mguuni hubaki hata ukiondoa kidole. Ukikiona hicho, usipokee hongera za majirani. Mbebe mtoto uende.