Jeshi la Kudumu au Akiba? (Sehemu ya 4)

Nimetoka zamu ya usiku, watoto wameshaenda shule, tuongee kidogo.

Mnaonifuata toka sehemu ya kwanza mnajua mdogo wangu hapa Houston amemaliza digrii ya uuguzi na anaingia jeshi la Marekani kama afisa. Ana mtoto wa miezi minane. Alitakiwa achague: jeshi la kudumu au jeshi la akiba? Wengi mmeniandikia, "Mwambie aende akiba, ana mtoto mchanga." Naelewa. Lakini mimi niko wodi ya wazazi kila siku, naona gharama za kuzaa nchi hii, na nakwambia jibu si jepesi hivyo.

Kwanza, ukisikia akiba usifikirie mgambo wa kwetu. Afisa wa akiba huku anaripoti kikosini wikendi moja kwa mwezi na wiki kama mbili kwa mwaka. Siku nyingine anabaki na kazi yake ya kawaida, nyumba yake, kanisa lake. Ila kozi ya kuanzia ya maafisa haikwepeki. Muuguzi anaifanya, awe wa kudumu au wa akiba, na mtoto lazima aachwe na mtu.

Pili, bima. Hapa mama sikiliza vizuri. Mwanajeshi wa kudumu na familia yake wanapata bima ya jeshi, TRICARE, bila kulipa ada ya mwezi. Mjamzito anahudhuria kliniki na kujifungua bila bili ya kumtoa machozi. Wa akiba anaweza kununua TRICARE yake, ni nafuu kuliko bima nyingi za huku, lakini analipa kila mwezi na anachangia matibabu. Mdogo wangu anataka mtoto wa pili. Shemeji anaendesha lori, kazini kwake hakuna bima. Piga hesabu mwenyewe.

Tatu, kuitwa. Akiba si kinga. Askari wengi wa akiba walipelekwa Iraq na Afghanistan, na jeshi linategemea sana watu wa tiba walioko akiba. Ukiitwa unaenda, miezi mingi. Sheria ya mwaka 1994 inakulinda ili ukirudi mwajiri akupe kazi yako, lakini mtoto hana sheria ya kumrudishia hiyo miezi. Nafuu ni kwamba mwanajeshi aliyejifungua hapelekwi huko mpaka mtoto atimize mwaka, labda aamue mwenyewe.

Nne, kuhama. Hapa ndipo jeshi la kudumu linapouma. Kila baada ya miaka michache unafungasha. Mume anaanza kutafuta kazi upya, mtoto anazoea daktari mwingine na shule nyingine. Na sisi tuliotoka mbali, ndugu ni wa kuhesabu kwa vidole. Ukihama, hata huyo mmoja unamwacha.

Mdogo wangu amechagua kudumu. Amesaini wiki iliyopita. Sikumwambia achague nini, nilimuuliza maswali tu. Nami nimelia, sifichi. Huyo mtoto ndiye anayelala kwangu mama yake akiwa zamu, ananiita "Mamku" kwa sababu mama mkubwa hajaweza kutamka. Lakini kulia kwangu hakulipi bili ya wodi.

Jeshi linadai mzazi asiye na mwenza, au wanandoa wote wawili wakiwa wanajeshi, waandike mpango wa malezi: nani anabaki na watoto, nani ana nguvu ya kusaini hospitali. Shemeji ni raia, kwa hiyo hawalazimishwi. Nimewaambia waandike hata hivyo, na jina langu limo.

Kwa hiyo mama mwenzangu, mdogo wako au mume wako akija na hizo karatasi, usianze na "wapi kuna usalama." Muulize: mnataka mtoto mwingine lini? Bima ya sasa inatoka kazini kwa nani? Mwenza wako anaweza kuhama na kazi yake? Ukiitwa kesho, mtoto analala kwa nani? Bibi akiwa jirani na mume ana kazi yenye bima, akiba inaweza kuwa heri kwenu. Kwa mdogo wangu, hesabu zilienda upande mwingine.

Sehemu ya 5 nitaeleza kunyonyesha ukiwa kwenye kozi. Maswali weka hapo chini, nitajibu nikiamka.